Samaki wa Upande wa Kushoto

Siku ile tulikuwa watatu mkekani: mimi, mdogo wangu wa kiume, na muuguzi aliyemzoeza kutazama upya. Tangu aanguke kutoka juu ya mchikichi na kuumia ubongo, mdogo wangu hakuona vitu vya upande wa kushoto. Kabla sijajua hilo, kila siku samaki nilimwekea kushoto, kama alivyofanya marehemu mama. Yeye alikuwa akila wali, kisha akisukuma sahani. Nilidhani ameshiba, nikawa namaliza samaki mimi.

Siku ile, samaki akiwa tena kushoto, muuguzi alimfunga kitambaa chekundu mkono wa kushoto.

“Sitwayen,” alimwita, yaani raia, “tafuta kitambaa kwanza, ndipo ule.”

Aligeuza kichwa polepole, akakiona.

“Yaya,” akaniita mimi mkubwa wake, “kumbe samaki iko! Na wale wengine, njo wewe ulikula?” aliniuliza kama ni mimi niliyewala.

Tulicheka mpaka machozi. Samaki wale sijamlipa hadi leo.