Plagi Iliyooga

Mjukuu wangu anasafisha plagi ya pikipiki uani, na harufu ya petroli imenirudisha ziwani, upande wa Geita.

Mama alikuwa amelala ndani ya boti, uchungu umemshika siku ya pili, bibi akimkanda mgongo. Hospitali ilikuwa ng'ambo, na injini imezimika. Baba ndiye aliyekuwa fundi wa boti hiyo. Alichomoa plagi zote nne akazipanga juu ya kanga. Tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi, moja safi kabisa.

"Hii ndiyo nzima, baba," nikasema.

"Hapana, mayu wangu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama baba wamwitavyo binti. "Hiyo imeoga. Maji yanaingia humo, yanaosha masizi."

Akazungusha injini kwa hendeli, na tundu la ile plagi likamtemea maji usoni. Mama akacheka na maumivu yake: "Na wewe umeoga!"

Baba akakaza nati za kichwa cha injini kuzuia maji, akakausha plagi kwa kanga, akazirudisha. Injini ikakohoa, ikawaka.

Mdogo wangu alizaliwa tukiwa bado majini, nyuma ya mgongo wa baba aliyeshika usukani. Baba hakugeuka, maana kwetu mwanaume haangalii uzazi. Aliniuliza tu, tena na tena, "Mayu, mama yako anapumua?" Nami nilimjibu, "Anapumua!" kwa sauti ya kuishinda injini.