Sare Waliyosema Sitaivaa

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipompiga polisi usoni kwa kambale mkavu. Nalisema mapema, kwa sababu majirani zetu wa Katuba hupenda kulisimulia kwa kunong'ona, kana kwamba niliua mtu.

Mama alikuwa akiuza samaki wakavu wa ziwani, wa kutoka Kilwa, katika soko la Kenya, mtaa jirani na wetu. Polisi yule, tumbo mbele, kofia kisogoni, alizoea kupita mezani petu, kuchagua samaki mnene kuliko wote na kuondoka naye bila kulipa. Siku ile alichagua wawili. Mama akacheka kicheko cha kubembeleza, kicheko nilichokichukia kuliko nilivyomchukia polisi mwenyewe. Nikamnyakua kambale kwa mkia, nikamchapa naye yule polisi shavuni. Soko zima likaangua kicheko, na nadhani hicho ndicho kilichomuuma, si samaki.

Walinifungia kituoni siku mbili. Siku ya pili nikaingia hedhini. Hapakuwa na polisi mwanamke hata mmoja. Nikamwomba mlinzi kitambaa, kipande chochote. Akawaita wenzake.

"Sema tena, benzangu basikie."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Wanaume wazima, wenye wake na mabinti nyumbani, wanachekeshwa na damu kama watoto wa shule ya msingi! Pale pale, nimekaa juu ya sketi iliyolowa, nikaamua kwamba kazi ile nitaifanya mimi, maana hao ilikuwa imewashinda.

Nilipomaliza sekondari nikatangaza nyumbani kwamba naenda kuomba kuingia polisi. Baba mdogo, katekista, mtu wa kufumba macho kila anaposali mbele za watu, aliacha kula.

"Weye? Mufungwa?"

"Siku mbili tu, baba mudogo."

"Hata saa moja! Ulishachafula jina ya jamaa."

Shangazi, kwa upande wake, alinishauri nikane. Kila mtu anakana, alisema, ndiyo maana wanauliza.

Siku ya usaili tulipanga mstari uani. Mbele yangu alisimama kijana wa mtaa wetu ambaye Katuba nzima ilijua kwamba alikamatwa akikata nyaya za umeme. Akaapa kuwa hajawahi kukanyaga kituo cha polisi, hata kwa kuulizia njia. Ofisa mwenye miwani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zamu yangu ikafika.

"Balishakufungaka?"

"Ndiyo, shefu."

Akavua miwani. "Juu ya nini?"

"Nilipiga polisi na samaki. Alikuwa anaiba samaki ya mama."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alinitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jana. "Nenda nyumbani, mama," akasema. Kijana wa nyaya akachukuliwa. Niliporudi, baba mdogo aliimba jioni nzima.

Mwaka uliofuata nikarudi. Safari hii aliyekaa mezani alikuwa ofisa mwanamke, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza. Nikamweleza yote, kambale na sketi pia. Akauliza kama naweza kukimbia. Nikakimbia. Wavulana kadhaa wenye vifua vipana walitapika njiani, mimi nilifika.

Sasa nina sare, na sare ina miujiza yake. Shangazi anawaambia watu kwamba ni yeye aliyenipa moyo. Baba mdogo naye alikuja kwangu Jumapili moja. Nikamwandalia bukari, ugali wa kwetu, na mboga, na hata kabla hajanawa mikono akaanza.

"Mupangaji wangu iko ananisumbua. Vaa nguo ya kazi, twende umutishe kidogo, atoke mu nyumba."

"Alikosa nini?"

"Alihama kanisa yetu. Sasa anaimba na bale ba ngambo ya barabara."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Baba mudogo, hiyo haiko kosa. Siendi."

"Basi uliingiaka polisi juu ya nini?" Alisimama, mtakatifu aliyekosewa, akafunga vifungo vya koti lake vyote. "Ile kazi ilikuharibisha."

Akaondoka bila kugusa chakula. Bukari lilikuwa bado la moto. Nikavuta sahani yake, nikala.