Bismillahi, Chinjeni

Mimi shule niliiona mlangoni tu. Darasa la pili nilitolewa nikalee wadogo zangu. Lakini mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea kwa mikono hii, ana cheti cha ufundi wa magari. Nasema kwa sauti, aliye jirani asikie. Cheti nimekitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo, na mgeni akija hapati chai mpaka akitazame.

Cheti hicho hakikumpa kazi. Alizunguka gereji za Tanga mpaka viatu vikaachama. Moja walimwambia awapikie chai. Nyingine mwanamume mzima, mafuta machafu yamemfika viwikoni, akamwuliza, "Dada, ukiingia chini ya gari, hilo baibui atakushikia nani?" Wakacheka wote. Akarudi nyumbani akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikonitisha, maana mtaani kwetu kuna mwanamke mwenye meno ya dhahabu, kazi yake kupeleka wasichana Uarabuni kutumikia majumba ya watu, na alishaanza kuja kwetu jioni bila kuitwa.

"Bibi, waliokwenda huko wanajenga," mjukuu akaniambia.

"Wanajenga, na wengine wanarudi ndani ya sanduku. Huko wewe una nani?"

"Na hapa nina nani, ukiondoka wewe?"

Nikaamua nimtafutie kitu cha kumshika.

Muheza, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, palikuwa na pikapu iliyobeba machungwa enzi za uhai wa mumewe. Tangu azikwe, haikuguswa. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva, na mpapai umeota ukatokeza pale palipokuwa na taa. Mjukuu wangu alifungua boneti, akaingiza kichwa, akakaa humo mpaka nikadhani kaumwa na nyuki. Alipokitoa, uso ulikuwa mwingine.

"Bibi," akasema, "injini hii haijafa. Imezimia tu."

Kwa neno hilo nikauza minazi yangu, nikalinunua. Pwani yetu ardhi yaweza kuwa ya mtu na minazi iliyo juu yake ikawa yako, na ile niliachiwa na mama yangu, nikiijua mmoja mmoja kwa utamu wa madafu yake. Ndugu zangu walisema nimerukwa na akili. Nikawaambia mnazi hauzungumzi. Mjukuu wangu anazungumza, na mie nataka azungumze nami hapahapa.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka uani. Watoto wa mtaa wakalipokea, "Mkweche! Mkweche!" Jirani wa mlango wa pili, mtu asiyejua kufunga mdomo, akatoa kichwa dirishani.

"Hongera, bibi! Banda umeshapata, kuku utanunua lini?"

"Kuku ninao," nikamwambia. "Mmoja huyo anachungulia dirishani."

Siku zile za mwanzo nilimwona mtoto akirudi duniani. Kavaa suruali ya babu yake, kichwa kakifunga kanga yangu, anafungua, anasugua kwa petroli, anapanga vyuma juu ya jamvi, na ole wake kuku atakayepita hapo. Akanifundisha majina: plagi, kabureta, rejeta. Mwenye meno ya dhahabu alikuja akakuta miguu tu imetokeza chini ya gari. Akazungumza na miguu, haikumjibu, akaenda zake.

Siku moja likakohoa. Kikohozi kimoja, moshi mweusi, kimya. Mjukuu akasema silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, lazima ichongwe, na uani hatuna cha kunyanyulia injini. Tukalipeleka gereji ya fundi mmoja nje kidogo ya mji, mtu mzima mwenye adabu, aliyekubali mjukuu wangu afanye kazi mwenyewe kwenye gari letu. Kadi ya gari ilikuwa na jina langu, basi akachukua namba yangu ya simu.

Nami nikapeleka beberu. Kwetu jambo kubwa haliendi bila sadaka, na sadaka ya gari huchinjiwa pale gari lilipo, damu imwagike mbele ya matairi, watu waombe dua, wale. Nikamwambia fundi, "Mfunge hapa. Siku injini ikinguruma nipigie, tuchinje." Akasema sawa, macho yake yako kwenye spana.

Ikawa taabu. Kipuri kilichopatikana hakikuingia, kilichoingia kilivuja. Mjukuu akaanza tena kurudi nyumbani kimya, na mwenye meno ya dhahabu akarudi kutukalia barazani. "Mwanangu," anamwambia, "ujana haungoji chuma kipone." Nami nipo hapohapo, nachambua mchele, natamani nimmwagie pumba.

Asubuhi moja mjukuu akaenda Muheza kufuata gasketi ya kuzibia uvujaji kwa mtu anayesemekana anayo. Huku nyuma simu yangu ikalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Za huko?"

"Nzuri. Bibi, nimekaa na wenzangu, tumeona tuchinje tu. Leo hii. Hakuna haja ya kungoja tena."

Nikasimama. "Leo?"

"Leo. Watu washafika, wanangoja kauli yako. Unaridhia?"

"Alhamdulillahi! Naridhia kwa moyo mweupe. Bismillahi, chinjeni!"

"Wewe ni mwelewa sana, bibi," akasema. "Wengine hulia."

Nikajiuliza, nani huyo wa kulilia beberu?

Nikapika wali wa nazi kwenye sufuria la shughuli. Jirani wa dirishani akaja kunisaidia kukuna nazi, akisema leo atapanda banda la kuku hadi Horohoro mpakani akale nyama kwa Wakenya. Tukakodi bajaji, na njia nzima napiga vigelegele, dereva anageuka kunitazama.

Wa kwanza kutulaki alikuwa beberu. Yu hai, anatafuna boksi. Nikatazama nyuma yake. Gari lilikuwa limebaki mbavu. Milango imeng'olewa, taa zimeng'olewa, injini inaning'inia kwenye mnyororo, vijana wanaishusha kwenye pikapu ya mtu mwingine.

"Fundi, umefanya nini?"

"Tumechinja, bibi. Si umeridhia?"

Hapo ndipo nilipojifunza, nimesimama na sufuria la wali mikononi, kwamba kwa mafundi kuchinja gari ni kulivunjavunja na kuuza vipande vyake. Kila mtu wa gereji anajua. Mjukuu wangu anajua. Mie najua kuchinja kwa kisu, kwa shingo, kwa kuelekea kibla. Angesema "tulichinje" ningeshtuka, ningeuliza. Alisema "tuchinje," na mlango wa neno hilo ni mpana: yeye akaingia na gari, mie nikaingia na mbuzi.

"Na beberu je?" nikamwuliza.

Fundi akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Huyu? Nilidhani umemleta anenepe."

Sikuweza kumtukana. Hakuiba hata nati. Alinionyesha ufa kwenye bloku ya injini, mrefu kama mstari wa kiganja, akasema gari lile halikuwa la kupona, aliona atuokoe. Labda ni kweli. Mie siujui ufa wa kufa na ufa wa kuishi. Jirani yangu akalitazama lile banda lake la kuku, akageuka. Akaenda kukaa na dereva kwenye bajaji.

Mjukuu akafika alasiri, gasketi kaifunga kwenye gazeti. Akalitazama gari, akanitazama mie na sufuria langu.

"Nani kasema?"

Fundi akaninyooshea kidevu. Nikaeleza yote, nikijikwaa. Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka alie, aitupe ile gasketi, anivunjie sufuria. Akanipokea mzigo, akauweka chini polepole.

"Haidhuru, bibi," akasema. "Haidhuru."

Mtoto anayekuambia haidhuru kwa sauti ile ameshaondoka, kilichobaki ni miguu. Fundi akatoa fedha za vipande. Mie sikuzipokea. Akazipokea yeye. Zikawa paspoti, zikawa picha, zikawa nauli. Nililinunua gari lile limzuie, na ndilo lililomsafirisha. Wakapita Horohoro kwenda kupandia ndege Mombasa, yeye na wasichana wengine, mwenye meno ya dhahabu kakaa mbele. Sikwenda kumuaga stendi. Alinikataza, akasema nitamvunja moyo.

Sasa hupiga siku anazopewa simu. Huniuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Namwuliza wanamtendeaje, ananiambia vizuri. Juzi nikamwuliza, "Na magari, huko unayaona?" Akasema yapo, ila yeye hatoki nje. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke inaita jina. Si jina lake, si jina la mtu yeyote wa kwetu. Nikamwambia, "Kuna mtu anaitwa huko." Akasema, "Ni mimi, bibi." Akaitika, simu ikakatika.