Tairi Moja Jipya

Fundi wa matairi alikuwa na kawaida yake: gari likiingia uani, hulizunguka kwanza polepole, akipapasa kila tairi kwa kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Mkunga aliyeleta gari lake asubuhi hiyo alimtazama roho mkononi. Lilivuta kwa magurudumu yote manne, na bila hilo asingewafikia wajawazito wa mlimani. Lakini wiki nzima lilikuwa likinguruma kila akikata kona. Fundi alichomoa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, akayazungushia matairi moja moja. Matatu yalilingana. La nne, jipya, liliyazidi kwa vidole viwili.

“Haya yamefungwa nira moja, dada,” alisema kwa sauti ya chini. “Moja likizidi, yanavutana, na gia za nyuma zinaweza kuungua.” Akajipenyeza uvunguni, akafungua nati, akachovya kidole kwenye oili ya gia hizo, akainusa. Alikawia kutoka. Alipotoka, macho yalikuwa yamelowa. “Haijaungua. Dada, tairi hilo nilikufungia mimi mwezi jana. Sikupima.” Mkunga, aliyekuwa akijilaumu kwamba hajui kuendesha, akaangua kicheko. Fundi akalivua, akafunga la akiba lililochakaa sawa na wenzake, wakatoka pamoja kulijaribu gari, mkunga akiendesha. Kona ya kwanza wakatega masikio. Gari likapita kimya.

“Kata na nyingine,” fundi alinong’ona. Akakata.