Walitupandisha Treni ya Michezo

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kununua pamba Bariadi, kampuni moja ilitualika Ulaya, mimi na mzee mmoja mkulima wa Ngulyati. Wakulima wenzetu walitutuma tukaulize jambo moja: kwa nini pamba yetu inaitwa chafu siku ya kuiuza, na ikifika kwao inasifiwa?

Tulikuta theluji. Asubuhi ya kikao, wenyeji wetu walitupeleka kwenye uwanja wa bembea na michezo ya kujifurahisha badala ya ofisini, wakatupandisha treni ndogo isiyo na paa. Ilipanda reli mpaka juu kabisa, kisha ikaporomoka. Baridi ilinikata uso, nikapiga kelele. Mzee alining'ang'ania mkono huku akimwita mama yake kwa Kisukuma.

Jioni, tukiwa mezani, waliwasha televisheni. Kumbe walikuwa wameturekodi. Walicheka, wakarudisha mkanda nyuma ili wamwone tena mzee akilia.

Niliinuka nikaizima.

"Tumekuja kuzungumza habari za pamba," nilisema. "Kikao ni lini?"

Mwenyeji wetu alitabasamu. "Kesho mnarudi nyumbani. Kwani hamkufurahi?"

Nilimtafsiria mzee. Alisukuma sahani yake pembeni.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "mwambie sisi si watoto."

Nikamwambia hivyo hivyo.

Wenzetu wa Ngulyati walipotuuliza, mzee alisimulia yote, hata kilio chake, na hakuna aliyecheka. Msimu uliofuata kampuni ile haikupata pamba pale kijijini, hata kilo moja.