Spea Ililala kwa Mke Mwenza

Mume wangu alipoleta pikapu nyumbani, niliipokea mimi. Aliiegesha mbele ya mlango wangu, mlango unaotazamana na lango la boma, kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote. Ndivyo ilivyo kwetu huku Migori. Mimi ni mikayi, mke wa kwanza. Kinachoingia bomani huanzia kwangu, kiwe mbuzi, kiwe godoro, kiwe kibiriti. Mvua zikianza, mimi ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, na mke mwenzangu haruhusiwi kupanda kabla yangu hata kama shamba lake limelimwa likalainika kama unga. Heshima hiyo sikuiomba. Niliolewa nikaikuta.

Sasa niambieni, ilikuwaje gurudumu la akiba, lile tunaloita spea, likalala nyumbani kwake?

Wajukuu wangu hucheka nikiwaambia kwamba niliona wivu kwa sababu ya mpira. Wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa boma moja na mwanamke aliyemzidi kwa mume.

Mambo yalianza siku ambayo wageni walikuja kutoka Muhuru Bay. Walikuwa wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na mume wangu alikuwa akiwabebea magunia hadi Rodi Kopany na Homa Bay. Wamekaa, wanakunywa uji, yeye amelala chini ya pikapu anafungua kitu. Akaita, "Mikayi, hebu niletee rimu iliyo kule stoo."

Aliniita mimi. Nikainuka na furaha yangu. Nikaingia stoo, nikaona duara kubwa jeusi limeegemea ukuta, nikalibingirisha nje kwa mikono miwili. Lilinichafua leso, likanitoroka, likagonga mtungi wa maji, nikalikimbilia mbele ya wageni na kulirudisha. Nilipomfikishia alitoa kichwa, akatazama.

"Hii ni tairi."

"Si ndiyo uliyoitaka?"

"Nilitaka rimu, mama."

Mke mwenzangu alikuwa akianika omena kwenye wavu. Akaja taratibu anapangusa mikono. "Nyieka," akaniambia, maana hivyo ndivyo sisi wake wenza tunavyoitana, "hicho ulicholeta ni kiatu. Mzee anataka mguu."

Wageni walicheka hadi uji ukawapalia. Mume wangu alicheka hadi akagonga kichwa kwenye bamba la gari, na hapo mimi pia nilifurahi kidogo. Mwenzangu aliingia stoo, akatoka na kile chuma cha duara amekishika kwa mkono mmoja kama sinia ya chai.

Alijuaje? Baba yake alikuwa akiziba pancha pale sokoni Rodi Kopany. Wakati mimi nimeachishwa shule darasa la pili nichunge mbuzi, yeye alikuwa anachezea tyubu kwenye karai la maji, anatafuta mahali panapotoa mapovu. Basi mume wangu aliona amepata hazina. Wezi walikuwa wengi siku hizo, wanafungua spea chini ya gari na kuiuza ikakatwe akala, vile viatu vya mpira, ndiyo maana ilibidi kila jioni ifunguliwe na kuingizwa ndani. Akaiingiza kwa mke mwenzangu.

"Mbona kwake?" niliuliza.

"Yeye anaijua."

"Na mimi nitaila?"

"Spea si mbegu, mikayi. Usiitafutie mila."

Lakini spea ilikuwa na miguu kuliko mbegu. Mahali inapolala ndipo mwenye gari anapoifuata alfajiri, na mahali anapoirudisha jioni ndipo anapokaa, na anapokaa ndipo anapokula. Nilikuwa nikipika ugali na samaki wangu, navuka ua, nawakuta wameinamia lile gurudumu kama wazazi wanaotazama mtoto.

"Tairi ya nyuma kulia imelika meno," anasema mume.

"Imelika katikati au pembeni?"

"Upande mmoja tu."

"Basi si upepo. Upepo ukizidi, hula katikati. Ukipungua, hula pembeni kote kuwili. Ikilika upande mmoja, gurudumu lenyewe limesimama vibaya."

"Baba yako alikufundisha, kweli."

"Baba yangu alinifundisha, mume wangu anafaidi."

Kisha wanacheka. Mimi nimesimama na bakuli, mvuke wa samaki unanipanda usoni, hakuna anayesema niketi. Nilimzalia mtu huyu watoto. Nilimfungia mzigo wake wa kwanza wa omena kwa mikono yangu, wakati bado anatembea na baiskeli. Hajawahi kucheka nami hivyo, kicheko cha mtu aliyekutana na mwenzake. Nilitamani lile gurudumu lipasuke hapo hapo, liwapige vumbi wote wawili.

Halikupasuka. Nikaamua kujifunza.

Siku ya soko nilikuwa nauza njugu mjini Migori, na karibu na kituo changu palikuwa na duka la tairi la Mwislamu mmoja kutoka Pwani. Mwenyewe alisafiri mara nyingi kufuata bidhaa, na dukani alikaa mkewe, mwanamke mnene mwenye buibui na sauti ya upole. Nikaingia nikajifanya mnunuzi. Nikagusa hii, nikagusa ile.

"Mamangu, weye huna gari," akasema.

"Gari liko. La mume wangu."

"Basi angekuja mume. Keti, unywe chai, kisha useme kweli."

Nikasema kweli. Nilidhani atacheka, hakucheka. Alinimiminia chai ya tangawizi, akasema, "Nami nina mwenzangu, yuko Mombasa. Yeye anajua kupika biriani. Mimi naujua mpira. Njoo."

Hivyo mwalimu wangu alikuwa mwanamke, liwekeni hilo akilini.

Alinifundisha kila siku ya soko, baada ya njugu kuisha. Gurudumu ni kitu kizima, kikiwa kimevaa. Rimu ni chuma cha ndani, na hicho ndicho kinachofungwa kwa nati. Tairi ni mpira wa nje. Tyubu ni ule mpira mwembamba wa ndani unaojazwa upepo, na zipo tairi zisizo na tyubu, upepo unakaa kati ya mpira na chuma, ndiyo maana rimu yake ikijikunja hata kidogo tu upepo unatoka. Mpira unaokanyaga barabara una meno, na meno yakiisha tairi inaitwa kipara, haishiki matope wala breki. Pembeni ni ubavu, na ubavu ndio unaosema.

"Soma," aliniambia, akiniwekea kidole kwenye maandishi.

"Herufi sijui vizuri. Namba najua."

"Namba zatosha. Hii ya kwanza ni upana wa tairi. Hii ya mwisho ni kipimo cha rimu. Ya mwisho ndiyo uishike. Rimu ya kumi na nne haivai tairi ya kumi na tano, hata ulie."

Kuhusu plai alikunja leso yangu mara kadhaa. Tairi ina vitambaa ndani yake, ndizo plai, akasema, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo inavyobeba mzigo. Gari la omena linataka plai nyingi kuliko gari la mchungaji. Kisha akanionyesha ritredi, tairi kuukuu iliyobandikwa meno mapya. "Kwa mtu wa safari fupi, haina neno. Kwa mzigo na jua kali, hubambuka. Usiitazame kwa macho, maana inang'aa. Pitisha kidole gumba begani, pale meno yanapokutana na ubavu. Utasikia mshono."

Nilirudi nyumbani nikiyataja kimoyomoyo nikimenya njugu. Rimu, nati, ubavu, plai. Wakwe zangu walidhani nasali.

Kisha mvua ndefu zikakaribia, na mume wangu akatangaza kwamba tairi za nyuma zimekuwa kipara. Angepeleka omena Homa Bay na kununua tairi mbili huko huko. "Nyachira ataandamana nami," akasema, yaani mke wa pili. Kiti cha mbele ni kimoja, na nilishakijua ni cha nani.

Mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi ardhi inanukia. Maboma yote ya jirani yakatoka na majembe. Mimi nikatandika mkeka nikakaa.

Mwenzangu akaja na kikapu cha mahindi ya mbegu. "Nyieka, udongo umeiva."

"Umeiva kweli."

"Sasa je?"

"Mgongo wangu ndio haujaiva."

Alisimama kidogo, akarudi kwake. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu hakuja, alimtuma mume. Mume wangu alisimama mlangoni akiangalia mawingu, kisha mashamba ya watu yaliyoanza kupigwa mistari, kisha mimi.

"Unataka nini?"

"Kiti cha mbele. Na spea ilale hapa."

"Wewe unajua nini kuhusu spea?"

"Nipeleke, utaona."

"Kiti, sawa. Spea, tutaona huko mbele."

Niliinuka nikapanda mstari wangu wa kwanza papo hapo, na mgongo haukusema kitu. Mwenzangu alipanda nyuma yangu. Alipanda haraka na vizuri, na hilo nalo liliniudhi.

Homa Bay tulishusha omena, tukaenda kwa muuza tairi. Kijana mchangamfu, anajua kusifia. Alitoa tairi mbili nyeusi zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Mume wangu akazipiga teke, akaridhika. Mimi nikachuchumaa. Nikapitisha kidole gumba begani. Mshono ulikuwepo.

"Hizi ni ritredi," nikasema. "Sisi tunabeba mzigo. Tupe nyingine, za plai nyingi, rimu ya kumi na nne."

Muuzaji alinitazama, akacheka kwa adabu. "Mama, huko nyumbani mna duka?" Akazirudisha, akaenda nyuma kutoa nyingine. Hizo pia nilizipapasa, ubavu wote, nikasema ziko sawa.

Nilimgeukia mume wangu nikisubiri kile kicheko chao wawili. Nilikuwa nimekingoja tangu siku ya rimu. Hakucheka. Alikuwa amekunja uso, ananitazama mkono, kile kidole gumba chenye vumbi jeusi.

"Nani amekufundisha?"

"Mwenye duka la tairi, Migori."

"Yupi?"

"Mmoja anatoka Pwani."

Hakuuliza tena mpaka tulipopita Rodi Kopany. Hapo akasema, macho barabarani, "Huwa unaenda huko lini?"

"Siku za soko."

"Kila siku ya soko?"

"Njugu zikiisha."

Jioni, bila mimi kukumbusha, alifungua spea chini ya gari, akaibingirisha mwenyewe hadi ndani ya nyumba yangu. Mke mwenzangu alitoka akasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Afadhali," akasema. "Ilikuwa inanibania nafasi. Nitaweka kuku hapo." Kisha akaongeza, na sauti haikuwa ya mzaha, "Ipige kwa kiganja kila asubuhi, nyieka. Ikitoa sauti nzito, upepo umepungua." Akaingia ndani, akafunga mlango mapema.

Mume wangu alikaa kwangu. Alikula kidogo, anaitazama spea kama inayojua kitu asichojua yeye. Hatukuzungumza juu ya meno wala rimu. Nilikuwa na maneno yote hayo tayari mdomoni, na hakuna aliyeyataka.

"Huyo mtu wa duka," akasema mwishowe, "ni mrefu?"

"Wa kadiri."

"Ana mke?"

"Kuna mwanamke huwa anakaa hapo."

Ningeweza kumaliza kwa sentensi moja. Nilimtazama alivyokuwa akichambua mwiba ambao haupo, akijaribu kuuliza jingine bila kuonekana anauliza, na nikaona sura niliyokuwa nimeivaa mimi nikisimama na bakuli kule ng'ambo ya ua. Nikamwongezea samaki.