Siku Walipomtunuku Mama Mkubwa

Juzi nilikuwa naelekea Tunduma, basi letu likakwama nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kama umewahi kupita njia ile unaijua foleni yenyewe. Dereva anazima injini, abiria wanafungua madirisha, na akina mama wa mayai na karanga wanatokea hata hujui walikuwa wapi. Na mimi nikafungua dirisha langu, nikajikuta natazamana na maktaba yetu ya zamani. Siku hizi ni duka la mabati. Wamebomoa ukuta wa mbele wakaweka mlango mpana wa chuma, ila ngazi ni zilezile. Jirani yangu kwenye kiti akaniona ninavyokodoa macho, akauliza kama nina ujenzi. Nikamwambia sina, ila nimewahi kufagia humo ndani. Akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake. Basi nikusimulie wewe.

Nililelewa na Mama Mkubwa, dada yake mama, katika mji wetu mdogo huko Mbozi. Mama yangu alikuwa na biashara ya vitenge mpakani Tunduma, na alisema mpakani si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Kwa Mama Mkubwa kulikuwa na kahawa nyuma ya nyumba, mahindi upande wa bondeni, na baridi ya Juni iliyokufanya uoge miguu tu ukaapa kwamba umeoga mwili mzima. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, tukiushika kwa mikono miwili ili vidole vipate joto. Kahawa ilipochanua, harufu yake iliingia mpaka kwenye mablanketi.

Zamani Mama Mkubwa alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Chama kilipokufa, alibaki na nguo zake za ofisini na tabia ya kuamka mapema. Baba Mkubwa alimwambia sasa ni shamba. Akaenda shamba, lakini kila akipita barabarani alitupia macho maktaba ya umma, ambako mzee mmoja mkutubi alikuwa akisinzia peke yake. Siku moja akavaa zile nguo za ofisini, akaenda kuomba kazi.

Bosi wa ofisi iliyosimamia maktaba alimpokea vizuri. Akamwambia, "Nafasi kwa sasa hakuna, mama. Lakini anza kujitolea. Nafasi ikitoka, wewe ndiye wa kwanza." Mama Mkubwa alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai. Aliyarudia mezani, akayarudia kanisani kwa wenzake wa kwaya, kila mara kwa ile lafudhi yake ya Kinyiha iliyovuta mwisho wa sentensi: wewe ndiye wa kwanzaaa.

Hivyo ndivyo utoto wangu ulivyohamia maktaba. Nikitoka shule sikwenda nyumbani, nilikwenda kwake. Kulikuwa na mchwa humo ndani, ndugu yangu, mchwa wenye njaa ya Kiswahili na Kiingereza. Mama Mkubwa aliichukua miguu ya rafu, akaisimamisha kila mmoja kwenye kopo lenye oili chafu ya magari, na mchwa wakakoma. Vitabu vilivyopasuka mgongo alivishona kwa sindano ya kushonea magunia ya kahawa. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano kwenye jiko la mkaa pale barazani, na kazi yangu ilikuwa kukoroga isishike chini. Mpaka leo nikisikia harufu ya unga wa ngano ukichemka naona vitabu, sioni chapati.

Na Jumamosi, ah, Jumamosi! Watoto walikuja kutoka mtaani kote, wengine wakiwa na wadogo zao mgongoni, na baadhi walitembea kutoka njia ya Ihanda. Tulikaa kwenye magunia sakafuni. Mama Mkubwa alisoma kwa sauti, akibadilisha koo kwa kila mhusika, fisi akiwa fisi na mfalme akiwa mfalme. Halafu kila mtoto alisoma kipande. Ukikwama kwenye neno, hakukuambia. Aliinua kidole kimoja akasubiri, na ukishindwa kabisa ndipo alipolitamka polepole, kama anakuwekea chakula mdomoni. Alikuwa na msemo wake: "Kukwama si aibu. Aibu ni kuruka."

Kulikuwa na binti wa fundi cherehani, mtoto mwembamba aliyekuwa na kigugumizi. Shuleni walimcheka mpaka mwalimu akaacha kumsomesha kwa sauti. Kwa Mama Mkubwa alisoma kila Jumamosi, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mwanzoni sentensi moja ilichukua muda mpaka mkaa wa gundi ukazimika. Baadaye alianza kumaliza ukurasa. Fundi alikuja siku moja na futi yake shingoni, akasimama mlangoni akamsikiliza mwanawe, halafu akaondoka. Kesho yake alituletea kitambaa cha mapazia.

Mzee mkutubi alistaafu, akarudi kwao Ileje. Hakuletwa mtu mwingine. Ufunguo ukabaki kwa Mama Mkubwa, na kila alipouliza habari za ajira aliambiwa mambo yako mezani. Majirani walimtania kwamba anafuga vitabu visivyotaga. Baba Mkubwa hakutania, alinuna. Msimu wa kuchuma kahawa alitukuta barazani tukishona vitabu, akasema, "Mke wangu, hao wakubwa wanakulisha nini ambacho mimi sikioni?" Mama Mkubwa akajibu, "Subiri tu. Nimeahidiwa."

Miaka ikaenda. Kisha ikaja habari kwamba kutakuwa na siku ya kuwatambua wanaojitolea, na mgeni rasmi anakuja. Bosi mwenyewe alifika nyumbani, akanywa chai, akasema, "Mama, siku hiyo ukae mbele. Kuna jambo lako." Alipoondoka, hakuna mtu aliyekaa chini tena nyumbani kwetu. Kuna jambo lako! Jambo gani lingine? Mama yangu alituma kitenge kizuri kutoka Tunduma, fundi cherehani akakishona bure. Na Baba Mkubwa, yule aliyenuna miaka yote, alipaka viatu rangi, akamkamata jogoo wake mkubwa na kumfunga mguu, tayari kwa jioni.

Siku yenyewe maktaba ilipambwa kwa matawi na maua. Vijana wa tarumbeta walikuja kutoka Mbozi Mission, wakapiga mpaka madereva wa malori wakashuka kutazama. Sisi watoto wa Jumamosi tulipangwa mbele na sare za shule. Mgeni rasmi alizungumza muda mrefu juu ya uzalendo. Akasema nchi hii inajengwa na watu wasiouliza watapata nini. Kisha Mama Mkubwa akaitwa. Akapanda na kile kitenge chake, kichwa juu, na akapewa cheti chenye maandishi ya dhahabu, Mjitoleaji Bora, na chupa ya chai yenye maua. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Yeye alibaki amesimama. Tuliokaa mbele tuliona kwamba alikuwa bado anasubiri.

Bosi akashika kipaza sauti. "Na sasa, ndugu wananchi, napenda kumtambulisha mkutubi wetu mpya." Akasimama kijana mwenye tai, ambaye sote tulidhani ni msaidizi wa mgeni rasmi. Bosi akamgeukia Mama Mkubwa, akitabasamu. "Mama yetu, utamshika mkono kijana huyu, umwelekeze kazi. Wewe ndiye mwenyeji."

Wakampa kipaza sauti aseme neno la shukrani. Namkumbuka alivyokishika, mbali na mdomo, kama kitu cha moto.

"Nashukuru," alisema. "Mimi nilikuja hapa kuomba kazi. Nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Leo naona aliyesubiri amepewa chupa ya chai, na aliyefika leo amepewa kiti."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka. Walidhani mama anachangamsha shughuli. Mgeni rasmi alicheka kuliko wote, akampigapiga begani, na kiongozi wa bendi akaona hapo ndipo penye mwisho mzuri, akapandisha mkono, tarumbeta zikalia. Nilimtazama Mama Mkubwa katikati ya ule muziki, nikajua kwamba mimi na Baba Mkubwa tulikuwa peke yetu tuliomsikia.

Shughuli ilipokwisha alimfuata bosi kando ya gari. Nilikuwa nimeshika mkono wake.

"Baba, uliniambia nitakuwa wa kwanza."

"Mama yangu, siku hizi kuna taratibu. Wanataka vyeti. Na umri nao umesogea, tuwe wakweli."

"Na hiki mlichonipa si cheti?"

Bosi akacheka kidogo, akasema hicho ni cha heshima. Akaingia garini.

Jogoo alichinjwa hivyo hivyo kwa sababu wageni walikwishaalikwa. Walikula wakipongeza, wakapitisha cheti mkono kwa mkono, mmoja akaacha alama ya mchuzi pembeni. Walipoondoka, Baba Mkubwa alikaa muda mrefu akivua viatu. Nilidhani atamsema. Alisema tu, "Basi, mke wangu. Kahawa haina mgeni rasmi." Nadhani alitaka kumfariji. Mama Mkubwa alikusanya sahani akaenda kuosha.

Jumatatu alikwenda, akamwelekeza yule kijana asubuhi moja. Alimwonyesha makopo ya oili, akamwonyesha rafu inayovujiwa, akamwambia ni madirisha gani yasifunguliwe upepo ukitoka bondeni. Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililotunyima hata wa kumchukia. Alimwita mama, akamshukuru, akamwomba asiache kuja Jumamosi kwa ajili ya watoto. Mama Mkubwa aliweka ufunguo mezani akatoka. Nilibeba sindano ya magunia na sufuria ya gundi, nikamfuata nyuma.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma zaidi.

Jumamosi ile watoto walikwenda maktaba, hawakumkuta, wakaja nyumbani. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa ikauke. Wakasimama uani, wamejipanga kama siku zote, na mimi nikasogea katikati yao kwa mazoea. Hakuinua uso. Akasema, "Nendeni kwa mwenye mshahara awasomee."

Wengine walielewa wakaanza kurudi nyuma. Binti wa fundi hakuelewa, au alielewa akakataa kuamini. Alifungua kitabu chake akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti, pale pale amesimama. Alisoma vizuri, sijawahi kumsikia akisoma vizuri vile, mpaka akafika kwenye neno moja akakwama. Akarudia mwanzo wa neno. Akarudia tena. Kisha akamtazama Mama Mkubwa, akisubiri kile kidole.

Mikono ya Mama Mkubwa ilisimama juu ya kahawa. Niliona vidole vyake vimejikunja ndani ya punje. Sote tulisubiri. Nilikuwa naomba Mungu, naapa, nilikuwa naomba Mungu. Halafu mikono ikaanza tena kugeuza kahawa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na ule mkwaruzo ndio ulikuwa jibu.

Binti wa fundi alifunga kitabu, akatuaga kwa adabu kama alivyofundishwa kwao, akaondoka. Hakurudi tena kwetu. Nasikia aliacha shule kabla ya kumaliza, akaolewa huko njia ya Isansa. Sisemi ni kwa sababu ya siku ile. Maisha ya mtu yana sababu nyingi. Lakini sisemi pia kwamba siku ile haimo.

Yule kijana alikaa kidogo akaomba uhamisho, kama wanavyofanya wote wanaoletwa kwetu. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyeongeza oili kwenye makopo, na mchwa, ambao hawahitaji barua ya ajira, wakaingia kazini. Mwishoni vitabu vilitolewa kwa koleo.

Nami nilisoma, nikahitimu ualimu, na nilipokuwa nasubiri ajira nikaambiwa nianze kujitolea katika shule moja, kwamba nafasi ikitoka nitafikiriwa. Nilikwenda kumwomba Mama Mkubwa ushauri. Alikuwa anapembua maharage. "Mwanangu," akasema, "jitolee kwa mgonjwa. Jitolee kwa jirani aliyefiwa. Usijitolee kwa mtu mwenye bajeti." Nilijitolea hata hivyo, maana tungefanyaje, kizazi chetu? Ajira niliipata baadaye sana, kwa bahati. Wenzangu niliokuwa nao wengi hawakuipata, na wengine wana vyeti vya heshima.

Nilipozaa nilimpeleka mtoto kwake kila Krismasi. Mwaka mmoja mtoto alimwekea kitabu cha picha mapajani, akasema, "Bibi, nisomee." Mama Mkubwa alikitazama, akapitisha kidole kwenye mgongo wake kuona kimeshonwaje. Kisha akamrudishia taratibu, akasema anaenda kuangalia chungu. Hata kanisani, alipoombwa kusoma somo, alimpa mwingine Biblia. Sauti ile yenye fisi na wafalme ndani yake, hakuna aliyeisikia tena.

Watu wanadhani ukimnyima mtu haki yake unachukua kazi tu, au kiti tu. Sisi tulichukuliwa mwanamke mzima, akabaki anatembea kati yetu. Alikuwa mkarimu, akawa mtu wa kupima. Alikuwa wa watoto wote, akawa wa shamba lake. Na waliofanya hivyo hawakujua, ndiyo maana hawana hata la kujutia. Nina hakika bosi yule alistaafu akikumbuka siku ile kama siku njema.

Alipougua kwa mara ya mwisho aliniita, kwa sababu ndani ya ukoo mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu. Alinipangia mwenyewe: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliolewa na nani, chama cha ushirika, kwaya. Nikauliza, "Na maktaba, Mama Mkubwa?"

Akageukia ukutani. "Hayo usiyasome. Waambie nililima kahawa."

Nilisoma hivyo, mbele ya kaburi, na waliokuwa watoto wa Jumamosi walikuwepo, watu wazima sasa, na hakuna aliyenisahihisha.